Mstari mmoja bawani, au miwili?

Ukifungua ramani ya mahali anapozaliana Phylloscopus trochiloides, utaona umbo la pete. Katikati ni uwanda wa juu wa Tibet na majangwa yaliyo kaskazini yake, ambako hakuna msitu wa kumfaa ndege anayeishi kwa kudonoa wadudu majanini. Kuzunguka tundu hilo, kuanzia Siberia kushuka milima ya Tien Shan, kupita Kashmir, Nepal na Bhutan, kisha kupanda Sichuan hadi Gansu, yuko ndege mwenye sura ileile: urefu wa sentimita 10 hivi, uzito wa gramu 7 au 8 (vijiko viwili vya chai vya sukari), mgongo wa kijani chenye ukijivu, tumbo jeupe lisilong'aa, na nyusi ndefu iliyopauka juu ya jicho. Kwetu Afrika Mashariki haji, na sijaona jina la Kiswahili analoitwa. Humu nitamwita kijani.

Mwenye picha ya kijani mkononi huuliza moja kwa moja: huyu ni nususpishi gani, yaani kundi lipi ndani ya spishi? Ukiwa kaskazini swali hilo lina jibu. Ukiwa kusini mara nyingi halina, na kosa si la kamera. Ndege wenyewe hubadilika kidogo kidogo kadiri unavyoizunguka pete, na majina tuliyowapa ni vigingi vilivyopigiliwa kwenye mteremko. Mahali ambapo macho na masikio hukutana na mpaka ulio wazi hasa ni Siberia peke yake.

Tuanze magharibi. Nususpishi ya viridanus ndiyo yenye eneo kubwa kuliko wenzake. Huzaliana kuanzia nchi za Baltiki na Finland, kuvuka Urusi mpaka maeneo ya mto Yenisei, na kushuka kusini kwa Altai na Tien Shan hadi milima ya kaskazini mwa Pakistani na Kashmir. Rangi yake ina ukijivu zaidi, na bawani ana mstari mmoja mweupe, mwembamba na mfupi. Mstari huo ni ncha nyeupe za manyoya yanayofunika mashina ya yale ya kurukia, na hilo lina maana kubwa, kama tutakavyoona kwenye mitego.

Himalaya ya magharibi ni ya ludlowi, jina alilotoa mtaalamu wa ndege Whistler mwaka 1931. Yeye ni wa katikati kwa kila kitu: si kijivu kama viridanus, si mweusi kama anayefuata, na mara ana mstari mmoja, mara dalili ya wa pili. Himalaya ya kati na ya mashariki mpaka kusini-magharibi mwa China ni ya trochiloides mwenyewe, kijani wa giza kuliko wote, mashavu yenye madoadoa na sehemu ya chini ya mdomo mara nyingi imeingia weusi. Panda tena kaskazini, Sichuan ya juu, Gansu na Qinghai, unampata obscuratus, aliyepewa jina na Stresemann mwaka 1929, ambaye hutofautiana na trochiloides kwa upaukaji tu, tena kidogo. Kisha pete inakatika. Kaskazini mwa China kuna pengo lisilo na kijani anayezaliana, na maelezo yanayokubalika ni kwamba misitu iliyokuwapo ilikatwa zamani. Ng'ambo ya pengo anaanza plumbeitarsus: kaskazini-mashariki mwa China, Amur, Sakhalin, kaskazini mwa Mongolia, Baikal, na kuelekea magharibi mpaka Yenisei. Huyu ana mistari miwili, ule wa chini mpana na mrefu, mgongo wa kijani kilichokolea na tumbo jeupe zaidi.

Wa sita ni nitidus wa Kaukazi, kaskazini mwa Uturuki na kaskazini mwa Iran, mwenye manjano usoni na kooni. Zamani alihesabiwa humu. Siku hizi kwa kawaida hupewa spishi yake. Yuko nje ya pete, na hapa nitamtaja pale tu anapochanganywa na wenzake. Plumbeitarsus naye baadhi ya orodha humtenga. Ndiyo maana kitabu kimoja kitakwambia nususpishi ni tano, kingine nne, kingine sita, na hakuna aliyekosea kuhesabu.

Jambo moja kuhusu majina ya kale husahaulika. Sundevall alimpa trochiloides jina mwaka 1837 kwa ndege wa Calcutta, na Blyth akafanya vivyo hivyo kwa viridanus mwaka 1843. Bengal hakuna kijani anayezaliana. Ndege hawa walipewa majina wakiwa wageni wa majira ya baridi, bila mtu kujua kwao ni wapi. Swinhoe alimpa jina plumbeitarsus mwaka 1861 kwa ndege wa safarini huko China, na alichokiona cha kipekee ni rangi ya risasi miguuni. Mguu leo hautegemewi na mtu kumtambua.

Wanapokutana

Mwaka 1938 mtaalamu wa ndege Claud Ticehurst, baada ya kupitia ngozi za makumbusho za jenasi nzima, alitoa wazo kwamba kijani alianza kusini, Himalaya, akasambaa kaskazini kwa njia mbili, moja upande wa magharibi wa Tibet na nyingine upande wa mashariki. Matawi hayo mawili yalipokutana tena Siberia yalikuwa yameshatofautiana kiasi cha kutooana. Mfuatano wa namna hiyo ndio unaoitwa spishi ya pete.

Wazo hilo lilikaa muda mrefu bila kupimwa vizuri. Darren Irwin, Staffan Bensch na Trevor Price walilipima na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Walirekodi nyimbo kuizunguka pete nzima na kuchunguza DNA. Kusini nyimbo ni fupi na sahili. Kadiri unavyopanda kaskazini, kwa njia zote mbili, wimbo hurefuka na kujaa vipande vingi, lakini kila upande umeurefusha kwa namna yake. Katikati mwa Siberia, kwenye milima ya Sayan na mabonde ya Yenisei, dume wa viridanus na dume wa plumbeitarsus huimba msitu mmoja. Ukimpigia viridanus wimbo wa plumbeitarsus kwa spika, hababaiki. Mpigie wa viridanus mwenzake, atashuka matawini kuja kugombana na spika.

Mwaka 2005 kundi hilo lilionyesha kwa alama nyingi za DNA kwamba tofauti za kijeni huongezeka taratibu kwa umbali kuizunguka pete. Hapo ndipo vitabu vingi vya shule vilipoishia, na ndipo panapohitaji kusahihishwa. Uchunguzi wa jenomu (DNA yote ya ndege) wa mwaka 2014, ulioongozwa na Miguel Alcaide pamoja na Irwin, ulikuta kwamba mtiririko wa jeni ulikatika zamani sehemu zaidi ya moja kwenye pete, na kwamba hao wawili wa Siberia, wanaodhaniwa hawaoani kabisa, wamewahi kuoana mara chache. Kwa hiyo pete ipo, ila si bangili ya chuma kimoja; ni ushanga, na uzi wake uliwahi kukatika na kufungwa tena. Nadhani hadithi hii ni nzuri kuliko ile safi ya mwanzo.

Kwa nini wasichanganyike zaidi? Wimbo ni sababu moja. Nyingine ninayoipa uzito, ingawa bado ni hoja, ni njia ya safari. Viridanus wa Sayan akiondoka huipita Tibet kwa magharibi na kuingia India. Plumbeitarsus wa msitu uleule huipita kwa mashariki, kupitia China, hadi Thailand, Laos, Vietnam na Kambodia. Katika ndege wengi wadogo mwelekeo wa safari hurithiwa, na mtoto wa wazazi wa njia mbili huelekea kushika njia ya katikati. Njia ya katikati hapa ni jangwa, kisha uwanda wa juu wa Tibet. Ndege wa gramu 8 hana akiba ya mafuta ya kufanyia mzaha mahali pale.

Wanakokaa majira ya baridi

Ramani ya baridi husaidia kuliko ya kiangazi, kwa sababu wengi wetu tunawaona huko. Viridanus hutanda sehemu kubwa ya rasi ya India kuanzia Septemba hadi Aprili. Ludlowi huenda kusini mwa India. Trochiloides hashuki mbali: vilima vya chini vya Himalaya, Bangladesh, Myanmar na jirani zake. Obscuratus na plumbeitarsus hupatikana kusini-mashariki mwa Asia, plumbeitarsus akienea zaidi. Nitidus huishia kusini-magharibi mwa India na Sri Lanka.

Price, aliyewachunguza India na kuchapisha mwaka 1981, alieleza jinsi wanavyoishi huko. Kila mmoja, dume au jike, hushika eneo lake peke yake na kulilinda kwa mlio siku nzima. Kwa mtazamaji hii ni faida kubwa. Ukimkuta kijani kwenye mwembe fulani mwezi Novemba, rudi kesho asubuhi na ujipange upya, pengine yuko palepale. Usimalize uamuzi kwa dakika tatu za kwanza.

Mitego

Mimi naanza na mahali na mwezi, na manyoya huja baadaye. Ndege wa Kerala, kusini mwa India, mwezi Januari ana orodha fupi ya uwezekano. Ndege wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, ana nyingine. Tarehe za safari ndizo hatari: Aprili na Mei, Agosti hadi Oktoba, yeyote anaweza kuwa popote njiani.

Kisha bawa, na hapa makosa ni mengi. Mstari ni ncha za manyoya, na ncha huchakaa. Plumbeitarsus wa mwezi Julai, aliyelisha makinda kwenye matawi makavu wiki kadhaa, anaweza kubaki na mstari mmoja, ule wa juu ukiwa umeliwa kabisa. Upande mwingine, viridanus mwenye manyoya mapya mwezi Septemba anaweza kuonyesha dalili ya mstari wa pili. Basi usihesabu tu. Tazama upana wa ule wa chini: wa plumbeitarsus ni mpana karibu sawa toka mwanzo hadi mwisho na unavuka sehemu kubwa ya bawa, wa viridanus ni mfupi, na hufifia kuelekea ndani. Piga picha mabawa yote mawili, maana unyoya mmoja uliodondoka huweza kukupotosha upande mmoja.

Mtego mgumu kuliko huo uko kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Trochiloides mwenye manyoya mapya huwa na mistari miwili inayoonekana vizuri. Hapo tazama utosi na mashavu (trochiloides ana giza na madoadoa, plumbeitarsus ana uso uliopangika), kisha sehemu ya chini ya mdomo: wa plumbeitarsus una rangi hafifu ya manjano au ya waridi karibu wote, wa trochiloides mara nyingi una weusi kuelekea nchani. Mwanga wa chini ya majani hutia ukijani kila kitu. Ukimhukumu kwa rangi ya mgongo peke yake kwenye kivuli cha mianzi, umehukumu mianzi.

Kabla ya hayo yote hakikisha ni kijani kweli. Phylloscopus borealis wa kaskazini hufanana naye, lakini ni mkubwa na mwenye mwili mrefu, nyusi yake huishia kabla ya kufika mdomoni, na sehemu ya chini ya mdomo ina doa jeusi nchani. Nyusi ya kijani hufika hadi juu ya mdomo. Ndege akiwa mkononi mwa mtu anayewafunga ndege pete za utambulisho miguuni, tazama unyoya wa kwanza wa kurukia, ule mdogo wa nje: kwa kijani unapita ncha za manyoya yanayofunika mashina, kwa borealis haupiti. Phylloscopus inornatus naye ana mistari miwili na huchanganywa na plumbeitarsus. Tazama manyoya ya bawa yaliyo karibu na mgongo. Inornatus ana kingo nyeupe hapo, plumbeitarsus hana chochote.

Nitidus hutambulika kwa manjano ya uso, mradi si mwezi wa Machi. Manjano hufifia kwa jua na kuchakaa, na ndege wa Sri Lanka anayekaribia kuondoka anaweza kuwa mweupe kuliko unavyotarajia.

Mlio huokoa mengi. Viridanus na trochiloides hutoa mlio wa silabi mbili, kama "chi-wii". Plumbeitarsus hutoa silabi tatu, "chi-wi-ri", kavu kidogo, zikimkumbusha mtu shomoro. Tatizo ni kwamba silabi tatu zikipita upesi, sikio husikia mbili, na nitidus naye hutoa za tatu. Rekodi, usikadirie. Simu inatosha ukiwa meta 10 au pungufu, ilimradi programu ihifadhi faili ya WAV isiyobanwa, kwa sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Programu za kawaida za kurekodi sauti za watu huchuja kile zinachodhani ni kelele, na mlio wa ndege huondoka na kelele hiyo. Zima uchujaji huo kwanza. Chukua milio isiyopungua 10 ya ndege mmoja, kwa sababu mmoja mmoja hupunguka silabi.

Ukitengeneza spektrogramu (picha ya sauti), tumia dirisha, yaani kipande cha sauti kinachochambuliwa kwa mara moja, la pointi 512 kwa sampuli 48,000. Hilo ni kama milisekunde 11, linaloonyesha vizuri mpaka kati ya silabi. Ukiongeza hadi 2,048 mistari ya masafa itapendeza machoni, lakini silabi tatu zitashikana kuwa moja iliyopinda. Kata sauti za chini ya kilohezi 1 ili kuondoa upepo na magari, na uifanye kwenye nakala, usiguse faili ya asili. Kuhusu kumpigia ndege sauti kwa spika: eneo la kuzaliana msimu wake ni mfupi, hivyo dakika moja inatosha, kisha ondoka. Jike hujenga kiota cha ukuta na paa, chenye mlango wa pembeni, chini kwenye kingo za udongo au kati ya mizizi, na mtu anayezunguka hapo na spika huishia kukikanyaga.

Ukimaliza hayo na bado huna hakika, andika Phylloscopus trochiloides na uache jina la tatu, lile la nususpishi. Kwa ndege wa Himachal au Uttarakhand, majimbo ya India kwenye Himalaya ya magharibi, hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata hata picha ikiwa safi.

Ulaya nayo

Viridanus amekuwa akisogea magharibi, na madume wanaoimba hufika mbali kuliko mazalio ya kawaida mwishoni mwa Mei na Juni, hasa upepo wa joto ukivuma kutoka mashariki. Uingereza aliandikwa mara ya kwanza mwaka 1896, pwani ya Lincolnshire, mwezi Septemba. Plumbeitarsus alingoja hadi Oktoba 1987, visiwa vya Scilly. Tarehe hizo zinafundisha: wa magharibi hupotea mapema, Agosti na Septemba, kwa kuwa huondoka mapema na kwao si mbali, wa mashariki, akija, huja amechelewa. Kijani wa mwisho wa Oktoba kwenye kisiwa cha Ulaya astahili kutazamwa bawa mara mbili.

Aliyeko Nairobi, Arusha au Kampala hatampata huyu, ila binamu yake anaye bustanini. Phylloscopus trochilus huja kwetu kwa wingi kati ya Oktoba na Aprili, na baadhi yao wametoka Asia kabisa. Nususpishi yakutensis ya Siberia ya mashariki ilifungwa vifaa vidogo vinavyorekodi mwanga wa mchana ili kukadiria ndege alipo, huko Mashariki ya Mbali ya Urusi, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha safari ya kilomita kama 13,000 mpaka Afrika Mashariki, kwa ndege wa gramu 10. Yakutensis ana ukijivu zaidi na manjano machache kuliko acredula wa Urusi ya magharibi, naye acredula hubadilika taratibu kuelekea kwake, mteremko uleule. Ndege hawa hubadilisha manyoya yote wakiwa Afrika, kwa hiyo wa Machi ana rangi mpya inayopimika. Bila ndege kuwa mkononi, kwenye orodha ya bustani ya Nairobi jina la pili, la spishi, linatosha.